Mama Gluteni

Tangu Jumamosi naitwa Mama Gluteni. Mtoto wa jina hilo sina, lakini muuza sukuma wiki wa hapo kona ameniuliza kwa upole kama Gluteni ameshaanza shule, na kabla sijamjibu akaniongezea dania ya bure, ya mtoto.

Jina nilipewa kwenye posho mili, hapa hapa Kware, mbele ya foleni iliyotoka mlangoni ikafika kwenye mitungi ya maji. Nilikuja na gorogoro mbili za pishori na ombi dogo: kabla ya kunisagia, kijana wa mashine aifungue aipanguse ndani.

"Mathe," akasema, "hii ni mashine, si sahani ya wageni."

Nikamweleza, na nyinyi pia niwaeleze, maana kile kinu ni kitu cha ajabu. Ndani mna nyundo za chuma zinazozunguka kwa kasi, zikiponda nafaka mpaka ipenye matundu ya chekeche, kisha unga unashuka kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa mdomoni. Sasa, mashine hiyo haimalizi kamwe. Kila mteja huondoka na unga kidogo wa aliyemtangulia, naye huacha wake kwenye pembe za chekeche na kwenye nyuzi za mfuko ambao haujawahi kuonja sabuni. Aliyenitangulia alikuwa amesaga unga wa uji wa watoto: wimbi, mtama, soya, omena, na ngano kiasi "ya kuupa uzito". Wimbi na mtama hazina ugomvi nami. Hata omena tungevumiliana. Ngano ndiyo kesi. Ina gluteni, ile protini inayofanya chapati ivutike bila kukatika, na mwenye ugonjwa wa siliaki, kama mimi, akiila, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo wake mwenyewe.

Kiwango cha kimataifa ni hiki: chakula kinachouzwa kwa jina la kutokuwa na gluteni kisizidishe miligramu 20 kwa kilo. Piga hesabu. Kijiko cha chai cha unga wa ngano, gramu kama 3, kina gluteni ya miligramu kama 300. Kikiangukia kwenye kilo ya unga wa mchele, mpaka umevukwa mara 15. Na pale chini ya chekeche hapakuwa na kijiko. Palikuwa na staftahi ya familia nzima.

Kijana alielewa alipoona shilingi mia. Akazima, akafungua, akafagia kwa brashi ya rangi. Mfuko nilikuwa na wangu: foronya mpya, yenye maua, nikaifunga mdomoni mwa mashine huku foleni ikishuhudia. Kisha nikaomba gorogoro ya kwanza isagwe ya kusafisha njia tu.

"Halafu iende wapi?" akauliza shosho mmoja mwenye debe la mahindi.

"Itupwe."

Kutupa pishori, Kware, mwezi ukiwa kona! Kukawa kimya, halafu yakatokea mabeseni, sijui yalikuwa wapi. Foleni ya mahindi ikazaa foleni ya pili, ya unga wangu wa bure, na ugomvi wake. Shosho akapata sehemu kubwa, akaniombea baraka mimi "na huyo Gluteni wako". Na ilipofika zamu ya gorogoro ya pili, ile yangu halali, stima ikapotea. Mtaa mzima. Watu wote wakageuka wakanitazama mimi na foronya yangu.

Mengine ni madogo. Viazi karai vya jioni, kumbe hukaangwa kwenye mafuta ya mandazi. Kanisani, Vatikano ilikumbusha mwaka 2017 kwamba hostia isiyo na gluteni hata chembe si halali, kwa hiyo mimi hupokea kikombe tu, na kwaya imeanza kunitilia shaka.

Lakini kuna mahali kicheko kinanikwama. Kabla ya jibu la siliaki nilitibiwa taifodi, kisha amiba, kisha vidonda vya tumbo, na mhudumu mmoja akanihakikishia huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya watoto wa Kisahrawi, wa Afrika hii hii: asilimia 5.6 walikuwa nao, kiwango ambacho Ulaya haikufikia. Hauna kidonge, dawa yake ni chakula. Na chakula chenyewe, mtama, wimbi, mihogo, mchele, kimejaa sokoni kwetu. Tunachokosa ni kinu kimoja kisichoguswa na ngano. Pakiti ya unga wa mchele ya supamaketi ina picha ya shamba la mpunga, wala haitaji mashine iliyousaga. Inayotaja imetoka ng'ambo, na bei yake haikupangwa na mtu anayelipa kodi ya nyumba Kware. Nilimuuliza mhudumu wa supamaketi. "Madam, mchele ni mchele."

Wapwani wana njia yao. Mchele wa vitumbua hulowekwa usiku kucha, asubuhi ukasagwa ukiwa majimaji pamoja na tui na iliki, bila posho mili wala foleni. Wangu umeshalowekwa. Blenda nimeazima kwa jirani wa chini, mama mwema sana, ambaye ameapa kwamba ni safi kabisa: juzi tu aliitumia kukoroga chapati za maji.