Sifa za Gasketi Iliyoungua

Juu kidogo ya mji wa Mai Mahiu, barabara inapoukwea ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru, lipo kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano. Wenye Toyota hulipita bila kugeuza shingo. Wenye Subaru kuukuu wanalijua vizuri zaidi. Wanajua mlango wake umeelekea wapi na kivuli chake kinafika wapi saa nane mchana, kwa kuwa wamewahi kusimama hapo nusu saa nzima, boneti juu, mtungi wa lita tano mkononi, wakingoja injini ipoe. Mpita njia huuliza, "Imechemsha, boss?" Mwenye gari hujibu kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa habari za nyumbani, "Kidogo tu."

Neno hilo, kuchemsha, vijana wamelipa maana ya pili: kushindwa, kuharibikiwa. Hakuna kifaa kilichozileta maana zote mbili pamoja kwa ustadi kama gasketi ya hedi ya Subaru. Hata hivyo, haijapata mtu wa kuisifu. Tairi husifiwa, rimu husifiwa, na redio yenye spika nne za nyuma husifiwa mpaka majirani wachoke. Gasketi, iliyowafunza watu wengi zaidi kuliko hivyo vyote, hutajwa kwa matusi tu. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea, na sifa hizi nazo zimetokana na walionyewa.

Kwa kuitazama, ni kitu duni. Ni bapa jembamba lenye matundu, mithili ya chapati iliyoingiliwa na panya, lililobanwa kati ya bloku ya injini na hedi. Kazi yake ni kuwatenga majirani watatu wasiopatana: moto, mafuta na maji. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, moto unawaka ndani yake mara 6,000 katika dakika hiyo hiyo, na kila mara moto unatafuta pa kutokea. Gasketi inakaa katikati na kuzuia ugomvi, miaka na miaka, bila hata kupewa salamu. Siku ikichoka, majirani wanakutana, na mwenye gari anapata habari.

Magari yote yana gasketi ya hedi, lakini kwa Subaru ilipewa heshima ya pekee. Tangu Subaru 1000 ya mwaka 1966, kampuni hiyo imeshikilia injini ya boksa, ambayo silinda zake zimelala chali, mbili kushoto na mbili kulia, pistoni zikienda na kurudi kama ngumi za mabondia wawili. Injini ya aina hiyo ina hedi mbili, kwa hiyo ina gasketi mbili. Mwenye Corolla ana nafasi moja tu ya kupata tukio hili maishani. Mwenye Subaru amepewa mbili. Isitoshe, kwa kuwa injini imelala, maji na mafuta hutuama upande wa chini wa gasketi, yakiilowesha hata gari likiwa limeegeshwa.

Kilele cha umaarufu wake kilifikiwa na injini ya lita 2.5 ya familia ya EJ, familia iliyoanza na Legacy mwaka 1989. Ndugu yake wa lita 2.0, aliyejaa katika barabara za Kenya, ni mpole zaidi, ingawa naye akinyimwa maji humalizia palepale. Lile toleo la 2.5 la miaka ya 1990, lenye kemshafti mbili kwa kila hedi, lilikuwa na tabia ya siri. Gesi ya moto ilipenya ndani ya maji bila tone moja kuonekana nje. Gari lilipanda joto mlimani, lakini likifika gereji linatulia kama mtoto mbele ya mgeni, fundi anazunguka nalo mtaa mzima na kurudi akisema hajaona kitu. Toleo lililofuata, lenye kemshafti moja kwa kila hedi, lilikuwa wazi zaidi: lilitoa machozi ya mafuta na maji kwa nje, chini ya injini, kila mtu ayaone. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ilifikia hatua ya kumimina dawa maalumu ndani ya maji ya magari hayo na kuongeza dhamana ya gasketi hadi miaka 8 au maili 100,000. Ni vifaa vichache vyembamba hivyo vilivyowahi kuhangaikiwa kiasi hicho.

Fadhila yake ya kwanza ni bei. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka minane, hivyo Subaru za zamani zaidi huuzwa mkono kwa mkono humu humu nchini, na sifa mbaya ya gasketi hutembea mbele yao kama mpiga zumari. Mnunuzi akisikia injini imewahi kufunguliwa, anarudi nyuma hatua mbili. Muuzaji naye anashusha bei hatua mbili. Bila gasketi, gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, lenye turbo, lililotengenezwa kwa ajili ya watu wa theluji ya Hokkaido, lingebaki kuwa la mawakili na madaktari wa macho. Gasketi ndiyo imemfungulia lango mwalimu wa sekondari ya Nyahururu. Kiwanda hakikukusudia ukarimu huo, lakini anayenufaika nao haulizi nia.

Fadhila ya pili ni elimu. Mtu aliyefaulu fizikia kwa kukariri anaielewa kwa mara ya kwanza akiwa na Subaru Forester ya mkono wa tatu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni mfuniko wenye springi, unaoyaweka chini ya shinikizo. Mfuniko ukilegea, kitu cha bei ya chakula cha mchana kinaangamiza kitu cha bei ya ng'ombe. Hayo hayafundishwi kwenye shule za udereva. Mwenye Subaru anayajua kama anavyojua tarehe ya kodi ya nyumba. Anajua kwamba mapovu kwenye kichupa cha maji ya akiba si dalili ya uhai. Anajua harufu tamu ya kulanti inayoungua, moshi mweupe unaokataa kwisha asubuhi, na mshale wa joto unaopanda mlimani na kushuka kwenye tambarare. Anajua pia kwamba hita ikianza kupuliza hewa baridi ilhali injini ni ya moto, maji yamekwisha mahali fulani na hewa imechukua nafasi yao. Jirani yake mwenye Probox hajui lolote kati ya hayo. Ameendesha miaka kumi na hajawahi kufungua boneti ila siku ya kuweka maji ya waipa. Amani hiyo imemnyima mengi.

Sasa ipo haja ya kuuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu anunue mtihani huu. Jibu linapatikana kwenye kona.

Kwa kuwa injini imelala, uzito wake uko chini. Gari halilali upande likikata kona. Linashika barabara kama mjusi ukutani. Kwenye zile za gia za mkono, nguvu hugawanywa nusu kwa nusu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na difa ya kati husawazisha ekseli moja ikianza kuteleza. Kwenye udongo mweusi wa Nyandarua baada ya mvua za Aprili, ambako magari yanayoendeshwa kwa magurudumu mawili hugeuka kuwa uzio wa barabara, Subaru hupita ikirusha matope kwa furaha isiyofichika. Kisha kuna sauti, ule mkoromo wa kukatika-katika unaomtoa mtoto sebuleni kuja kuchungulia. Wengi hudhani ni sauti ya nguvu. Ni sauti ya mabomba ya moshi yenye urefu usiolingana, ambayo hufanya pumzi za silinda zifike nyuma kwa mapigo yasiyo sawa. Ni kasoro, kwa maneno mengine. Subaru WRX ilipopewa injini mpya miaka ya 2010, mabomba yakasawazishwa na mkoromo ukapotea. Wapenzi wake wakalalamika, wengine wakanunua mabomba yasiyolingana ili kuirudisha kasoro hiyo kwa pesa zao. Watu wa namna hii hawawezi kutishwa na gasketi.

Na wapenzi wa Kenya wana sababu ya ziada. Mwaka 1993 Subaru ilileta Safari Rally kigari kiitwacho Vivio, chenye injini ya sentimita za ujazo 660, ambayo bodaboda kubwa ingeicheka. Mskoti Colin McRae hakufika nacho mwisho. Mkenya Patrick Njiru alifika. Mwaka 1997 McRae akarudi na Impreza na kushinda mashindano yenyewe, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena na Impreza. Mtoto aliyesimama kando ya barabara miaka hiyo, uso mzima vumbi, leo ana kazi na akaunti ya benki. Muuzaji anapomwonyesha Impreza ya rangi ya buluu, akili inayopaswa kupiga hesabu inakuwa imekwishaondoka kwenda kumtafuta yule mtoto.

Jina lenyewe linavuta. Subaru ni neno la Kijapani la kundi la nyota ambalo Waswahili wanaliita Kilimia, nyota za kulima, ambazo wazee wa pwani walizitazama ili kujua mvua iko wapi. Nembo ina nyota sita: moja kubwa na tano ndogo, kwa ukumbusho wa kampuni tano zilizoungana mwaka 1953. Mwenye Subaru naye huitazama nembo hiyo kila asubuhi akiwa na swali la mkulima: leo maji yapo?

Hesabu hata hivyo lazima ipigwe, na gasketi ndiyo mhasibu mkali kuliko wote. Injini inaposhushwa kwa ajili yake, haishuki peke yake. Hedi mbili zinapelekwa kwa mwenye mashine kusawazishwa uso. Mkanda wa taimingi, ambao kwa injini za EJ hubadilishwa kila kilomita laki moja hivi, hauna sababu ya kurudishwa ukiwa mzee, kwa sababu ukikatika vali zinaweza kugongana na pistoni. Pampu ya maji imekaa njiani, nayo inabadilishwa. Sili, themostati, plagi ambazo kwa boksa zimejificha ubavuni: zote zinajiandikisha kwenye karatasi ya fundi. Nje ya injini kuna matairi. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne halipendi tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika. Kiwanda kinataka mzingo usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Msumari mmoja wa barabara ya Thika unaweza kuuza matairi manne.

Hapo ndipo gasketi inapompambanua mtu. Mwenye haraka huenda barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kutafuta kipuri, anaulizwa, "Unataka ya karatasi ama ya chuma?", anachukua ya karatasi kwa kuwa ni rahisi, hedi hazipelekwi mashineni, na rejeta inajazwa maji ya bomba. Baada ya miezi michache yuko tena kando ya kanisa la Mai Mahiu. Aliyekwishafunzwa huchukua ya chuma yenye matabaka, ile iliyotumiwa kwenye injini za turbo, analipia kila kitu kwa pamoja na kuweka kulanti halisi. Mafundi wenye uzoefu wana shauri moja kwa anayetaka kununua: aihesabu kazi hiyo yote kama sehemu ya bei ya gari siku ya kwanza, iwe imeharibika au la. Ikiwa jumla inamfikisha kwenye bei ya RAV4 na moyo wake bado unaelekea kwenye mkoromo, basi anunue, na asije akamlilia mtu. Ni shauri zuri. Wachache hulifuata.

Wengine hupata wasichokitafuta. Injini ikilazwa juu ya tairi kuukuu kwa siku nne, mwenyewe anakuja kuitazama kila jioni kama mgonjwa wodini. Anakaa kwenye kreti ya soda, anakunywa chai ya rangi, anajulishwa kwa wenzake wenye injini zilizolala vilevile. Katika vikao hivyo huanzishwa vyama na misafara ya kwenda Naivasha msimu wa Safari, magari thelathini yakikoroma kwa pamoja, na walau moja likirudi juu ya lori.

Enzi hii ya gasketi inafifia. Mwaka 2010 ilikuja familia mpya ya injini, FB, yenye mnyororo badala ya mkanda na gasketi isiyo na makeke, na Forester nyingi zinazoshuka bandarini Mombasa leo ni za kizazi hicho na vilivyofuata. Zimekuja na gia za mnyororo wa chuma zisizo na hatua, na mafundi wa Nairobi wanazitazama kwa macho ya watu walioona mwezi mpya.

Kule Mai Mahiu injini imepoa. Mwenye gari anafungulia mfuniko kwa kitambaa, polepole, mpaka mlio wa mvuke uishe. Anajaza maji, anawasha; mkoromo unajibu ukutani mwa kanisa. Kabla ya kuondoka anafungua hita mpaka mwisho ili kuipunguzia injini joto, anashusha vioo vyote vinne, na kuanza kupanda ilhali jua la alasiri linawaka. Mkono wake mmoja umewekwa mbele ya tundu la hewa. Inatoka ya moto. Anakanyaga mafuta.