Sheria Yenye Huruma

Wanaoisema Uingereza vibaya hawajaendesha baiskeli peke yao kwenye vijia vya mashambani Devon, majira ya kuchipua. Nchi imepangika ile, jamani! Njia ni upana wa gari moja, kuta za udongo na miti zimekupita kichwa huku na huku, na kona haikwambii kilicho mbele. Basi wenye hekima wakaweka kikomo: pasipo kibao kingine, maili 60 kwa saa, karibu kilomita 96. Kwenye barabara kuu za kasi, zenye njia tatu kila upande, ni 70. Nani atasema wanavijiji wametengwa na maendeleo?

Tangu 2022 dereva anashauriwa akupite kwa nafasi ya angalau mita 1.5. Zitatoka wapi, muungwana haulizi.

Tena wana huruma: mkulima hakati ua wa shamba kati ya 1 Machi na 31 Agosti, kinda asije akashtuka kiotani. Kwa hiyo ukisikia injini nyuma yako, jirushe uani. Ila taratibu, bwana. Mwenye kiota analindwa na sheria.