Kupanda Mawe Matiliku

Hakuna neno lililowahi kuniingiza taabuni kama kupanda. Mahindi hupandwa. Gari hupandwa, mlima hupandwa, na nauli hupanda yenyewe ikiona wingu tu. Kwa hiyo kondakta aliponiuliza, alfajiri ya Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba katika steji ya Machakos, Nairobi, ninakwenda wapi na godoro mgongoni, nami nikamjibu kwa unyofu, "Matiliku, kupanda mawe," kosa halikuwa lake.

Alinitazama kwa muda. Oktoba ni mwezi ambao Ukambani yote imeinua shingo kutazama mbingu, mashamba yamelimwa na mbegu ziko kwenye debe zikingoja.

"Mawe," akasema. "Na yanaota baada ya siku ngapi?"

Gari zima likacheka, hata wale watu watatu wa nyuma ambao hawakuwa abiria. Nilikuja kujua ni watu wa kujaza, wanaolipwa kukaa ndani ili sisi wajinga tuamini gari linakaribia kuondoka. Walipoteremka mmoja mmoja, kila mmoja kama aliyekumbuka kitu nyumbani, tulibaki abiria wanne. Watano, kwa hesabu ya kondakta.

"Godoro ni mtu," alisema, akanyoosha mkono.

Nieleze mapema nisije nikaonekana nimerukwa na akili. Kupanda mawe ni mchezo. Watu wazima, wenye kazi na madeni, hutafuta jabali, wakalikwea kwa ncha za vidole, wakafika juu, wakashuka na kurudi nyumbani mikono mitupu. Wenye moyo hukwea kuta ndefu kwa kamba. Sisi wengine tunashughulika na majabali mafupi, bila kamba, chini tukiwa tumetandika godoro la kuangukia. Magodoro ya mchezo huu hutoka ng'ambo kwa bei ya ndama. Langu lilishonwa na fundi wa makochi: sponji ngumu mbili, turubai la lori, mishipi ya kubebea. Fundi aliniuliza kama ni la mgonjwa. Nikamwambia ni la kuangukia. Akanipunguzia shilingi 500, nadhani kwa huruma.

Sasa, wapandaji wa Nairobi wana magari. Sijui kilichotangulia ni gari au mwamba, lakini vimekwenda pamoja tangu Mountain Club of Kenya ilipoanzishwa mwaka 1949, na miamba yenyewe inajua hivyo. Ukienda Lukenya kwa matatu unateremshwa kando ya barabara ya Mombasa, mwamba unauona kabisa, na kati yako na huo mwamba kuna vumbi, jua na nyani. Asiye na gari hujifunza unyenyekevu wake: Alhamisi anatuma ujumbe kuuliza kama kuna nafasi, anaahidi kuchangia mafuta, anaahidi kuja na maandazi, halafu Jumapili usiku anajibiwa, "Pole ndugu, ndio nauona sasa."

Nilipochoka kuahidi maandazi, nilianza kujifariji kwa historia. Mmisionari Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui mnamo Desemba 1849, na alikuwa ametoka Rabai, huko pwani, kwa miguu. Lakini kipenzi changu ni Felice Benuzzi, Mwitaliano aliyekuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Waingereza pale Nanyuki. Aliuona mlima kupitia seng'enge. Januari 1943 yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka, si ili warudi kwao, bali wakapande. Kamba zao zilikuwa za katani ya vitanda vya kambini. Vyuma vya kukanyagia barafu walivifua kwa mabati na vyuma chakavu. Ramani hawakuwa nayo, ila picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Benuzzi na Balletto wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera, kisha wote watatu wakarudi kambini kujisalimisha. Wakahukumiwa siku 28 kizuizini, wakatumikia 7. Na safari nzima hakuna aliyewatoza nauli ya godoro.

Basi tukaondoka, nami nimeketi kando ya mtu wangu wa pili. Athi River hadi Salama hakukuwa na la kusimulia. Ndipo mama mmoja mjamzito, aliyekuwa mbele yangu, akageuka akinusa. Kwenye mkoba wangu mna mfuko wa chaki, ule unga mweupe tunaojipaka viganjani ili jasho lisitutelezeshe, nao ulikuwa umefunguka.

"Kaka, hiyo ni odowa?"

Nikamwambia hapana, ni unga wa mawe wa kujipaka mikononi. Nilipotamka "mawe" nikajua nimekwisha. Kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi saba anayetamani odowa, lile jiwe laini la kutafuna, tangu asubuhi, unga wa mawe hauhitaji utetezi. Alichovya kidole kabla sijamaliza sentensi. Matatu ikanyamaza kungoja hukumu.

"Haina harufu ya mvua," alisema mwishowe, akajipangusa, akanigeuzia kisogo. Mpaka Emali hakunisemesha tena. Nilihisi kama niliyemuuzia bidhaa bandia.

Katikati tulipita Sultan Hamud, mji uliopewa jina la sultani wa Zanzibar aliyefika huko kutazama reli ikijengwa. Huyo naye hakuwa na gari. Ila alikuwa sultani, na sidhani aliulizwa mzigo wake ni mtu au si mtu.

Emali ni njia panda. Upande mmoja unakwenda Loitokitok, mpakani na Tanzania. Upande mwingine unapanda kuelekea Matiliku na Wote. Wapiga debe wa pale hawasubiri useme, husoma mizigo. Aliyeliona godoro aliamua mimi ni mwanafunzi wa bweni aliyechelewa, miaka kama ishirini hivi. Aliyeuona mkoba aliamua mimi ni mtalii mweusi ninayekwenda kutazama ndovu. Wa kwanza alibeba mkoba, wa pili akabeba godoro, nami nikabaki katikati na chupa ya maji. Nilipogutuka, mkoba ulikuwa kwenye buti la Probox ya Matiliku na godoro lilikuwa juu ya gari la Loitokitok, limekwisha fungwa kwa mpira, injini inanguruma.

Sijawahi kukimbia hivyo kwenye mchezo wowote. "Godoro langu!" nilipiga kelele. Mwanamke anayeuza mayai akauliza kulikoni, na mwenzake akamjibu kwamba huenda ni mambo ya talaka. Dereva wa Loitokitok alinirudishia mzigo, lakini alidai shilingi 50 za kupakia na 50 za kupakua. Kwake godoro lilikuwa limesafiri.

Probox ya Matiliku ilibeba watu kumi na mmoja. Dereva alikuwa na abiria kati yake na mlango, kwa hiyo kila alipotaka kubadili gia ilibidi kwanza waafikiane. Godoro lilikaa juu, na kwa kuwa halikuwa na pahali pa kuketi nilidhani safari hii limesamehewa. "La juu ni nusu," dereva alisema bila kugeuka. Hakuweza kugeuka.

Tukiwa njiani ndipo Nzaui ilipojitokeza, na kwa dakika chache nilisahau hesabu zote. Ni kilima kinachoanza kama vilima vingine, mashamba na maembe, halafu ghafla upande mmoja unakatika ukawa ukuta wa jiwe tupu. Masimulizi ya Wakamba yanasema Mulungu aliwashusha watu wa kwanza juu ya mwamba wa Nzaui, na kwamba nyayo zao na za ng'ombe wao zingali zimechapika jiweni. Nilimweleza haya kijana aliyekuwa amenikalia paja, nikijifanya mwenyeji. Akafikiri kidogo.

"Hao hawakulipa nauli," akasema. "Walishushwa."

Matiliku sokoni niliposhuka, watu walinipisha njia kwa heshima ambayo sikuielewa. Bibi mmoja mwenye kiondo aliniwahi, akanishika mkono.

"Pole, mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

"Hakuna mgonjwa, susu."

"Mmemwacha hospitali? Hospitali iko pale." Akaninyooshea kidole, na wengine watatu wakaninyooshea, ili nisipotee. Ningesema nini? Nilikuwa nimekwisha jifunza, sikutaja kupanda. Nilisema godoro ni la mazoezi. Akalibonyeza kwa kidole gumba kama anayechagua parachichi, akalibonyeza tena, akaniachia.

Kijana wa boda aliyekubali kunifikisha chini ya mwamba alikuwa na falsafa fupi: "Wewe shika godoro, mimi nitashika barabara." Kila mmoja wetu alishika chake vizuri. Tatizo lilikuwa upepo, ambao hakuna aliyekuwa ameushika. Kwenye kona ya pili godoro lilitanda kama tanga la jahazi, na kuanzia hapo pikipiki ilikwenda linakotaka godoro, si inakotaka barabara. Lilitaka ua wa miiba wa mtu. Tuliruka, pikipiki ikalala, na mimi nikaangukia godoro. Tangu alfajiri hilo ndilo lililokuwa tendo lake la kwanza la kistadi, na jabali lilikuwa bado kilomita mbili mbele.

"Kumbe linafanya kazi," kijana alisema, akijitoa miiba.

Mwenye shamba lenye majabali alikuwa mzee wa kofia, ameketi chini ya mchungwa. Nilimwamkia, nikaomba ruhusa. Safari hii nilichagua neno kwa uangalifu: nimekuja kukwea.

"Kukwea nini?"

"Hilo jiwe, mzee."

"Kuna nini juu?"

"Hakuna kitu."

Kimya kirefu. Katika nchi ambayo watu huchimba ardhi wakitafuta vito, mtu anayetoka Nairobi kwa matatu, Probox na boda kufuata "hakuna kitu" lazima atazamwe kwa makini. Akanipa ruhusa kwa masharti: nisiguse mahali pa matambiko kule juu ya kilima, na yeye akae pale pale aone ninachokitoa. Akavuta kigoda. Kijana wa boda alisema atanisubiri, akatandika godoro kivulini, "dakika tano tu," akalala.

Jabali lilikuwa zuri, la jiwe gumu la kikwaruzo, lenye ufa mmoja uliopanda kwa mshazari na kuishia pembezoni kabisa mwa upara wake. Mzee alianza kuniongoza kama watazamaji wa bao wanavyofanya. "Mguu wa kushoto. Sio huo. Kushoto kwako. Mkono peleka pale penye kinyesi cha ndege." Mwenye kudharau ushauri huo hajui kwamba mtu aliyelitazama jiwe miaka sabini analijua. Nilikwenda vizuri mpaka theluthi mbili ya njia, na hapo ufa ukafumba.

Nilitazama chini. Urefu ulikuwa mara mbili ya kimo cha mtu, na chini yangu palikuwa na mawe na mbuzi mmoja.

"Bosi!" nikamwita kijana wa boda. "Sogeza godoro!"

Akageukia upande wa pili.

Nikaita tena, sauti sasa imeanza kutetemeka pamoja na magoti. Mzee akamtazama kijana, akanitazama mimi, akaondoka polepole kuelekea nyumbani kwake. Nilidhani amenikatia tamaa. Kumbe alikwenda kuleta ngazi ya kuchumia machungwa.

Hapa sina budi kukiri jambo. Mwaka uliotangulia nilikwenda Nzambani, lile jiwe kubwa nje ya mji wa Kitui, ambalo wenyeji husema ukilizunguka mara saba mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke hugeuka mwanamume. Nzambani kuna ngazi ya chuma. Watu wanalipa kiingilio, wanapanda hatua kwa hatua, wanapigwa picha. Niliisimulia ile ngazi kwa marafiki kwa kejeli kwa miezi kadhaa. Basi nilipokuwa nikishuka ile ya machungwa, mguu mmoja baada ya mwingine, mzee ameishikilia na mbuzi anatazama, niliikumbuka yote, na kila kipago kilikuwa na neno langu moja la kejeli.

"Umeona nini?" mzee aliniuliza nilipofika chini.

"Hakuna kitu."

"Nilikwambia mimi," akasema, ingawa ni mimi niliyemwambia.

Jua lilikuwa linaelekea vilimani tuliporudi sokoni, taratibu, godoro tumelikalia. Probox ya mwisho ilikuwa inajaza. Hesabu yangu ilikuwa mbaya: baada ya nauli ya boda na fidia kidogo ya miiba, nilikuwa na pesa za kumfikisha mtu mmoja Nairobi, nasi tulikuwa wawili. Susu, yule bibi wa kiondo, alikuwa bado pale, amefunga biashara. Alilibonyeza godoro mara ya tatu. Halafu, mbele ya soko zima, akavua ndara, akalala chali, akafumba macho.

"Hili lina mgongo," alisema kutoka pale chini.

Hatukubishana sana. Alinipa gunia dogo la ndengu na shilingi mia tatu juu yake, na wajukuu wawili wakaliinua godoro wakaondoka nalo. Lilikwenda bila kulipa. Dereva wa Probox alilitazama gunia langu, akalipima kwa macho, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Gunia nalo ni mtu."

Gari lilipoanza kusogea, susu alikuja mbio hadi dirishani, akaligonga kwa kiganja. "Mwanangu! Ukirudi, lete na mto!"

Abiria wakaanza kubishana: wengine wakasema ni mto wa kulalia, aliposema mgongo ndipo alipomaanisha na kichwa, na wengine wakasema huyu ni mtu wa Makueni na huu ni mwezi wa kumi, mto ni mto. Emali tulifika hawajaafikiana.