Kupachika Mpini Bila Kupoteza Kidole wala Ndoa

Mwenye kisu ndiye mla nyama, ila kisu chenye mpini unaozunguka mkononi hula vidole vya mwenyewe. Sokoni watu husifu bapa, lakini jikoni mkono huishi na mpini. Ndiyo maana mpini unastahili kuchongwa kwa kipimo cha mkono utakaoushika. Kazi hii haidai karakana. Inadai keekee, jiriwa, tupa, msasa na subira ya mvuvi. Inadai pia meza yako mwenyewe. Ile ya chakula ina mwenyewe, na hapo ndipo ndoa huingia hatarini.

1. Mpate mgonjwa. Kitafute kile kisu kilichopasuka mpini wa plastiki, kikafungwa mpira wa tairi, kikasahauliwa nyuma ya droo. Kama msuka wake, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, ni mpana, unafika hadi mwisho wa mpini na una matundu, kinatibika. Kabla ya lolote, funika makali kwa boksi na selotepu. Bapa lililo wazi halijui kwamba umekuja kulisaidia.

2. Chagua mti. Omba vipande vya mninga kwa maseremala wa Keko jijini Dar es Salaam, au vya mpingo kwa wachongaji wa Mwenge. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na ndio hutengenezewa klarineti. Kisu chako kitakuwa na ndugu kwenye okestra. Pembe ya ndovu iache. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na tembo anaihitaji kuliko wewe. Mti uwe mkavu kabisa, kwa sababu mbichi utasinyaa na kingo za msuka zitachomoza zikukwaruze kiganja. Vaa barakoa: vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua.

3. Toboa kwa adabu. Ng'oa mpini wa zamani, kisha andaa vipande viwili vyenye unene wa milimita 8 hadi 10. Bana msuka juu ya kimoja, pitisha keekee kwenye matundu ya chuma, kisha fanya hivyo hivyo kwa cha pili. Tundu lizidi pini ya shaba kidogo tu. Pini inayoingizwa kwa nyundo hupasua mti, na mlio wake utakufuata hadi kitandani.

4. Maliza uso wa mbele sasa. Hapa ndipo wengi hulia. Ile sehemu ya mpini inayotazama bapa ipigwe msasa hadi ing'ae kabla ya kugundisha. Ukingoja baadaye, kila utakapousugua mti utalichora na bapa.

5. Gundisha. Ukwaruze msuka kwa msasa namba 80, uufute kwa spiriti, usiuguse tena. Mpingo una mafuta, kwa hiyo ufute kwa asetoni. Paka gundi ya epoksi, ingiza pini, kisha bana kwa kiasi. Ukikaza kwa hasira, gundi yote itatoka nje. Futa iliyovuja kabla haijakauka. Halafu ondoka, urudi kesho.

6. Chonga umbo la yai. Mpini wa duara huzunguka kiganjani, lakini wa yai huuambia mkono makali yako upande gani, hata umeme ukikatika. Chonga kidogo, fumba macho, shika, chonga tena. Pini zipunguze kwa tupa, polepole, kwa sababu shaba ikipata moto hulegeza gundi. Maliza kwa msasa 120, 240, halafu 400.

7. Nywesha mafuta. Paka mafuta ya kitani, acha yanywewe, futa, rudia kesho yake. Tambara lililobaki litandaze nje likauke. Likikunjwa kwenye kona laweza kuwaka moto lenyewe.

8. Nenda kwa hakimu. Mkabidhi kisu mpishi mkuu wa nyumba pamoja na kilo mbili za vitunguu, kisha kaa kimya. Akimaliza bila kubadilisha mshiko, umefuzu. Akisimama kunyoosha vidole, mwulize ni wapi panapombana, chukua msasa, urudi hatua ya sita. Hukumu yake haina rufaa, kwa kuwa mkono wake ndio utakaokishika kila siku.