Joto la Valvu

Dereva wa bajaji aliizunguka, akaigonga kwa ncha ya kandambili, akaniuliza, "Bosi, hii friji bado inagandisha?" Nikamjibu, kwa majivuno ya mtu aliyetoka kumaliza akiba yake yote, kwamba hiyo si friji. Ni amplifaya ya gitaa, ya valvu, imetoka Marekani. Akaitazama tena. "Sawa," akasema, "lakini nauli ni ya friji."

Mimi ni mhasibu Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi ni mpiga solo wa bendi ya harusi. Kwa miaka sita nilichomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa ya bendi, na sauti ikatoka nyembamba, kama mbu aliyelelewa na masista. Hakuna aliyelalamika. Watu hawaendi harusini kulalamikia solo, wanalalamikia pilau. Shida ilianza siku mpiga gitaa mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo aliponisikiliza nyimbo mbili, akanishika bega kama daktari mwenye majibu mabaya, akasema, "Kaka, unapiga vizuri, ila sauti yako haina joto."

Wiki hiyo sikulala. Nikaja kuambiwa kwamba joto linakaa ndani ya valvu. Valvu ni kichupa cha kioo chenye waya unaowaka ndani kama balbu iliyochoka, na ndicho kilichoendesha redio za babu zetu kabla transista haijaja kukifukuza. Redio ikakubali. Televisheni ikakubali. Wapiga gitaa wakagoma. Wanasema transista ukiizidishia mzigo inakata sauti ghafla, kama panga. Valvu ukiizidishia inainama kidogo kidogo, sauti inaviringika na kunona, na kunona huko ndiko wanakokuita joto.

Kwa ajili ya joto hilo watu wamebeba mizigo. Fender Twin Reverb, iliyotoka California mwaka 1963, ina wati 85, spika mbili za inchi 12 na uzito wa karibu kilo 29, yaani mbuzi mzima wa ndafu, isipokuwa huyu haliwi. Jim Marshall, aliyekuwa na duka la ngoma London, naye aliitamani Fender Bassman. Yeye na mafundi wake wakaichungulia tumboni, wakaiiga, wakabandika jina lao, na JTM45 ikazaliwa. Leo vijana wanaiapia Marshall kana kwamba ilishuka kutoka mlimani, wakati ilianza kwa mtindo ambao Kariakoo wangeuelewa bila mkalimani.

Ya kwangu ilikuwa ndogo zaidi, wati 22, imekuja kwenye kontena la mitumba pamoja na majiko na baiskeli za watoto. Akiba ilipopungua, nyongeza niliitoa kwenye kodi ya nyumba ya miezi sita, ambayo baba mwenye nyumba alikuwa aifuate mwisho wa mwezi. Nikajiambia mwisho wa mwezi uko mbali. Ilikuwa tarehe 19.

Nyuma yake palikuwa pameandikwa volti 120. Naapa niliisoma. Na nilijua vilevile kwamba ukutani kwangu mna volti 230. Mhasibu mzima, nikazitazama namba mbili zisizolingana, nikaamua kwamba ziada ni faida. Plagi yenyewe haikuingia kwenye soketi, miguu yake ni bapa na yetu inataka mraba, kwa hiyo nikanunua adapta ya shilingi elfu tatu. Adapta ya aina ile hubadilisha miguu tu, umeme haiugusi. Ni kama kumvalisha mtu kanzu na kofia ukaanza kumwita sheikh. Nikawasha. Amplifaya ikasema "puu", kwa sauti ya chini, kistaarabu, kama mtu aliyeteleza mbele ya wakwe. Ikafuata harufu. Mama Neema akapaza sauti kutoka jikoni, "Baba Neema, nani anaunguza samaki?" Mpishi alikuwa yeye mwenyewe.

Hilo ndilo joto la kwanza nililolipata.

Fundi niliyemwendea yuko Magomeni, mzee aliyekuwa fundi mitambo wa bendi ya dansi enzi ambazo bendi zilizunguka mikoani kwa lori. Sijamaliza shikamoo akajibu, "Marahaba, umeichomeka moja kwa moja ukutani." Halikuwa swali. Akaifungua, akanionyesha fyuzi iliyokufa ikiwaokoa wenzake, na kapasita mbili zilizovimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Akanikataza kutia kidole humo, maana kapasita zinaweza kutunza volti 400 na ushei hata plagi ikiwa imechomolewa. Akanikataza kuiwasha spika ikiwa haijaunganishwa, maana transfoma ya kutolea sauti itaungua. Nikawa naandika kama mwanafunzi wa twisheni. Mwishowe akanikabidhi transfoma ya kushusha 230 iwe 120, sanduku la chuma lenye kilo 8 peke yake, na hesabu ya malipo ambayo nilimwomba tuizungumze mwezi ujao.

Valvu hainoni hadi uifungulie. Utasema wati 22 ni chache, lakini sikio halihesabu kama mhasibu: ili lihisi sauti imekuwa mara mbili, wati zinatakiwa ziwe mara kumi. Kwa hiyo kati ya 22 zangu na 100 za jukwaa kubwa, tofauti si kubwa kama namba zinavyojigamba. Baba mwenye nyumba, anayekaa nyumba ya mbele, alikuja kulithibitisha hilo akiwa na taulo kiunoni nilipofika namba 4.

Kuna jambo moja lililonifurahisha, na sitalificha. Eddie Van Halen, yule Mmarekani aliyewatoa jasho wapiga gitaa wa dunia nzima, alikuwa anatumia kifaa kiitwacho Variac kuupunguza umeme unaoingia kwenye Marshall yake, ushuke chini ya volti 100 wakati kwao ni 120, ili valvu zilegee na sauti ilainike. Alihangaika bure. Mtaani kwetu saa moja jioni, kila nyumba inapopiga pasi na kuchemsha maji, umeme unalegea wenyewe hadi balbu zinakuwa rangi ya embe. Kwa nusu saa hivi, kila siku, nilikuwa na sauti ya Van Halen bila kununua kifaa. Kisha umeme unakatika kabisa, narudi kuwa mhasibu gizani.

Wapo wenye akili walionishauri transista. Roland JC-120, ya Japani, ipo tangu 1975, haina valvu hata moja, sauti yake ni safi kama sahani ya mgeni. Na kusema kweli hicho ndicho unachokitaka muziki wetu. Solo la dansi, kama alivyolipiga Mbaraka Mwinshehe, halitaki kukwaruza. Kila nota inatakiwa isimame peke yake, ihesabike kama kuku wanaoingia bandani. Lakini JC-120 nayo ina kilo 28, na mimi wakati ule nilikuwa natafuta joto, sikuwa natafuta ushauri.

Ndipo mpwa wangu akaleta kidude. Ndani yake mna kompyuta inayokokotoa jinsi amplifaya fulani ingelia kama ingekuwepo. Biashara hii ilivuma tangu mwaka 1998 na POD ya Line 6, nyekundu, yenye umbo la harage. Mwaka 2011 Wajerumani wakaja na Kemper, ambayo unaisikilizisha amplifaya halisi nayo inakariri tabia zake. Na mwaka 2019 Fender wenyewe, wenye mbuzi wao, wakatoa Twin Reverb ya kompyuta iitwayo Tone Master, kilo 15. Nusu mbuzi.

Kidude cha mpwa wangu kilikuwa na ukubwa wa tofali na sauti 200. Nilizisikiliza zote kwa jioni mbili, nikiziandika kwenye daftari la mahesabu. Sauti 180 ni za watu waliogombana na wazazi wao. Kumi na tano ni za chini ya maji. Nne sikuzielewa. Iliyobaki ilikuwa safi, yenye mwangwi kidogo, na nilipoipiga nikahisi nimeshakutana nayo mahali. Ilikuwa ile sauti yangu ya miksa. Mbu yule yule, ila sasa amekula.

Sikukubali kirahisi. Nikakichomeka kidude kwenye amplifaya ya valvu, nikasahau kuzima spika ya kuigiza iliyomo ndani yake. Sasa ikawa spika inaigiza ndani ya spika, na gitaa likasikika kama mjomba anayepiga simu akiwa amejifunika blanketi. Nikaizima spika ya kuigiza, halafu nikakihamishia kidude kwenye miksa bila kuirudisha; gitaa likawa nyuki ndani ya kopo. Mama Neema akauliza kama kuna siku nitapiga wimbo.

Nikatangaza kwamba sikio langu haliwezi kudanganywa. Neema, mwenye miaka 13, akaniambia basi geuka uangalie ukuta. Nilimrekodia kipande kimoja kwa valvu na kipande hicho hicho kwa kidude, akawa ananipigia kwenye spika bila mimi kuona. Ya kwanza nikasema hii valvu, ina joto. Ya pili nikasema hiki kidude, kikavu, hakina roho. Ya tatu nikaomba irudiwe, nikafumba macho, nikasema hii nayo valvu, tena imepata moto vizuri. Neema akacheka hadi akakaa chini. Zote tatu zilikuwa rekodi moja. Ya kidude.

Nilimpelekea fundi wa Magomeni anitetee. Mtu aliyebeba amplifaya za valvu kutoka Songea hadi Musoma, nikajua atakitemea mate kidude. Mzee alikinyanyua kwa vidole viwili. Akakishusha. Akakinyanyua tena, akanyamaza muda mrefu, mkono mwingine ukiwa kiunoni. "Mwanangu," akasema, "hiki kilikuwa wapi mwaka 1978?" Halafu akanikumbusha hela yake.

Basi Jumamosi iliyofuata nilikwenda ukumbini Sinza nimepanda bodaboda, gitaa mgongoni, kidude kwenye mfuko wa rambo. Sijawahi kujisikia mwepesi namna ile. Kidude kinaongozwa kwa programu ya simu, kupitia bluutuuthi, na bluutuuthi hiyo hiyo inapitisha chochote simu inachokitoa, ili mtu aweze kufanya mazoezi akifuatisha nyimbo. Hili nalo nililisoma.

Maharusi walikuwa wanaingia. Bendi ilikuwa imeshusha sauti, mimi natakiwa nianze solo taratibu, peke yangu. Nikaona mwangwi umezidi kidogo, nikaitoa simu niupunguze. Kidole kikagusa juu, mahali ujumbe wa WhatsApp ulipokuwa umeshuka wakati huo huo. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Mama Neema alikuwa ananong'ona, na spika za ukumbi zikanong'ona naye kwa watu mia tatu:

"Baba Neema, baba mwenye nyumba amekaa hapa barazani anataka kodi. Nimemwambia umesafiri, uko Tanga. Usirudi kabla ya saa tano."

Nikabonyeza. Skrini ilikuwa na jasho langu. Na WhatsApp ina adabu ya kutokumwacha mtu njiani: ujumbe wa sauti ukiisha, unaofuata unaanza wenyewe.

"Na yule fundi wa Magomeni amepiga. Huyo nimemwambia umelazwa."

Bibi harusi alikuwa amesimama katikati ya zulia, mguu mmoja mbele. Nikachomoa waya wa gitaa, ambao haukuhusika.

"Halafu usisahau kutufungia pilau."

Niseme haki ya Mungu, sauti ilikuwa safi mno. Kila silabi ilifika hadi kwa wapishi. Mshehereshaji, ambaye analipwa kwa mambo kama haya, akasubiri kimya kikolee, akainua maikrofoni. "Mabibi na mabwana, kutoka Tanga, akiwa mgonjwa, lakini amejikongoja kwa ajili ya maharusi wetu, mpigieni makofi mpiga solo!" Walipiga. Waliposimama kutunza, walinitunza mimi kuliko mwimbaji, na mama mmoja aliniwekea mfukoni pilau ikiwa bado kwenye kifuko chake.

Jumatatu jioni nilikuwa sebuleni. Kidude sikukigusa tangu siku ile. Nilikuwa nimerudi kwenye valvu, namba 2, taratibu, nikiungojea umeme ulegee. Hodi ikapigwa. Nikazima haraka. Baba mwenye nyumba akaingia na simu mkononi. Video ya harusi ilikuwa imeshazunguka makundi yote ya mtaa.

"Pole na safari," akasema.

"Nimeshapoa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Machungwa ya Muheza yako wapi?"

Nikaanza kumtafutia kiti, kumbe viti viko uani kwa Mama Neema na wageni wake. Hakungoja. Akaona kile kisanduku changu cha valvu kando ya mlango, akakipangusa kwa kiganja, akaketi juu yake kwa uzito wa mtu aliyekuja kukaa. Akafungua kitabu cha risiti. Akajisogeza kushoto. Akajisogeza kulia. Kisha akaacha kuandika, akanitazama.

"Hiki kitu," akaniuliza, "mbona kina joto?"