Heko, Makarani wa Leseni

Heko kwa makarani wa leseni za udereva wa Anderson, South Carolina, Marekani. Mwaka 2014 alifika kwao kijana wa miaka 16, mtihani wa kuendesha gari amefaulu, cheti cha kuzaliwa kinasema mwanamume, na usoni kajipodoa kama afanyavyo kila siku. Wakamwambia akaondoe hayo mapambo kwanza. Kanuni ilikataza mtu kujibadilisha sura makusudi hata picha ikapotosha utambulisho wake, na kanuni ni kanuni.

Fikiria balaa lililoepukwa! Askari amsimamishe barabarani, amkute na wanja machoni, atazame leseni, akute wanja uleule. Angejuaje kuwa ndiye? Salama zaidi ni picha ya mtu ambaye hata jirani zake hawajapata kumwona.

Wapo wakorofi watakaouliza mbona akina mama wenye rangi ya midomo hawanawishwi. Jamani, ile wamezaliwa nayo, waulizeni wakunga. Kope za kubandika wamerithi kwa bibi. Na mzee aliyepaka nywele piko? Huyo hapotoshi kitu, anakumbuka tu.

Kijana akapigwa picha uso mtupu, kisha akaenda mahakamani. Mwaka 2015 idara ikamalizana naye nje ya hukumu, ikabadili kanuni, ikamwomba radhi kwa barua na kumruhusu apigwe picha nyingine, na vipodozi vyake. Sasa leseni inafanana na mwenyewe. Usalama wa taifa lile mimi naanza kuuombea dua.