Mtoto Analia Getini: Mshauri Wenu Asiyekosea Anajibu

Shikamoo Mshauri. Mwanangu wa miaka minne ameanza chekechea Jumatatu. Kila asubuhi analia getini mpaka sauti inakauka. Mwalimu humwonyesha tembo wa plastiki, na akigeuka tu kumtazama, mimi nachomoka. Leo ni Alhamisi na hataki hata kuvaa viatu. Nifanyeje? – Mama Macho Mekundu, Tabata.

Marahaba, mama. Tangu Jumatatu umefanya mambo mengi, na la busara ni moja, kuiandikia safu hii. Wengi huanza kwa jirani, wakahamia kwa wifi, wakamalizia kwa muuza dawa ya kumtuliza mtoto, na wanapofika hapa wamechoka na nauli imekwisha. Nakushukuru pia kwa ufupi wa barua yako, maana shida ya msomaji ikiwa ndefu hula nafasi ya mshauri, na nafasi ya mshauri wa daraja langu ni mali ya umma. Basi sikiliza. Mwanao hana kasoro. Machozi yake ni hesabu iliyopigwa sawasawa: mtu ninayemtegemea kwa chakula, usingizi na usalama anaondoka, na hapa simjui yeyote. Kasoro iko kwa yule tembo. Nitalithibitisha hilo kwa ushahidi, nitawajibu wabishi mmoja mmoja kwa upole unaojulikana nchi nzima, na atakayebaki anabisha nitamwachia Mungu.

Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Lieselotte Ahnert walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 70 wa Berlin walioanza kupelekwa kwenye vituo vya malezi wakiwa na miezi 15. Walipima kilio, wakapima na mate, kwa kuwa ndani ya mate mna kotisoli, homoni inayopanda mwili unapoelemewa. (Safu hii haipimi mate ya mtu. Safu hii hutazama mara moja ikajua.) Ndani ya saa moja baada ya mama kuondoka, kotisoli ya watoto ilipanda kwa asilimia 75 hadi 100 kupita kiwango cha nyumbani. Hilo hata wifi angeweza kulibashiri. Ambalo wifi asingelibashiri ni hili: siku za kuachwa, watoto waliokuwa na mshikamano imara na mama zao ndio waliolia zaidi. Soma tena, kisha msomee na mama wa jirani ambaye binti yake anaingia darasani bila kugeuka nyuma, naye anatamba hadi dukani. Huenda binti yule ni jasiri kwa tabia, na heri yake, lakini macho makavu si cheti cha malezi bora, kama vile machozi ya mwanao yasivyo hati ya mashtaka kwamba umemdekeza. Utafiti uleule uliona jambo jingine, nalo ndilo la kushika: mama waliotumia siku nyingi zaidi kukaa kituoni pamoja na mtoto kabla ya kumwacha, mshikamano wao ulidumu, na ule uliokuwa umelegea ukakaza. Watoto wale walikuwa wadogo kuliko wako, kwa hiyo usizichukue asilimia zao ukazibandika kwenye paji la uso la mwanao. Chukua mwelekeo.

Hapa najua mjomba mmoja ameshanyanyuka. Kila ukoo unaye. Anasema hayo ni mambo ya Wajerumani, watoto wa Kiafrika hawana kudeka huko. Mjomba, shikamoo, na ukae. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Kanada, alifika Kampala kwa sababu mumewe alipata kazi huko. Badala ya kukaa barazani kulalamikia joto, alianza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda, akitazama jinsi watoto wanaonyonya walivyohusiana na mama zao. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchunguza ulimwengu, akigeuka kuhakikisha mama bado yupo, akirudi kumgusa, kisha akienda mbali zaidi. Mama alikuwa ndiye anayempa mtoto uthubutu wa kuondoka. Kitabu chake juu ya watoto wale kilitoka 1967, na jaribio lake maarufu alilolibuni baadaye Baltimore, ambamo mtoto huachwa dakika chache chumbani na mtu asiyemjua, lilisimama juu ya yale aliyoyaona Uganda. Kwa hiyo elimu ya kilio cha kuachwa haikutujia yote kwa meli, mjomba. Sehemu yake ilibebwa hapa kwetu ikapelekwa huko. Kinachonisikitisha ni kwamba kitabu kile kilichapishwa bila dibaji yangu, pengo ambalo wasomi wa baadaye hawajalieleza vizuri.

Mjomba hajamaliza. Anasema kwetu mtoto ni wa wote, analelewa na bibi, shangazi, dada wa kazi, majirani, hivyo kuachwa si kitu kigeni kwake. Kweli tupu, nami nitamlipa mjomba kwa kukitumia kisu chake mwenyewe. Mtoto aliyezoea mikono mingi anajua kwamba mikono mipya inaweza kuwa mizuri, lakini kila mkono kati ya hiyo alijulishwa taratibu. Bibi hakutokea ghafla na rejista ya mahudhurio. Alikuja, akakaa, akamwagiwa mkojo kwenye kanga, mama akiwa palepale. Mwalimu wa chekechea ndiye mtu wa kwanza tunayetaka mtoto ampokee kwa dakika mbili, mlangoni, katikati ya vilio vya wenzake thelathini, halafu tunashangaa.

Sasa tumrudie tembo. Tembo mwenyewe sina ugomvi naye. Ugomvi ni kazi aliyopewa. Mtoto akigeuzwa macho ili mama achomoke, anajifunza kwamba mama hutoweka asipotazamwa, na mwanafunzi mwenye akili atafanya nini na elimu hiyo? Hatakuacha machoni. Atakung'ang'ania jikoni, atakufuata chooni, ataamka usiku kuhakiki kama upo, na Alhamisi atavificha viatu. Utaniambia, Mshauri, nikimuaga analia zaidi. Ndiyo, atalia zaidi pale getini, na sitakudanganya kwamba ni sauti tamu. Lakini unalinganisha kilio chenye sababu anayoijua na ukimya usioujua wewe. Mwaka 1952 James Robertson, aliyefanya kazi London na John Bowlby, alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali bila mama yake, enzi ambazo hospitali nyingi za Uingereza ziliwawekea wazazi masharti magumu ya kuja kuwaona watoto. Yeye na Bowlby walieleza hatua tatu: mtoto hupinga kwa kilio, kisha hukata tamaa akanyamaza, kisha hujitenga hata na mzazi anaporudi. Wauguzi waliipokea hatua ile ya ukimya kwa shukrani, wakasema ametulia. Hapa mtu makini atanikumbusha kwamba chekechea si wodi, ni saa chache na mchana mtoto yuko nyumbani anakula ubwabwa. Nakubali kabisa, na ndiyo maana sikuambii umtoe shule. Ninachokataa ni ile taarifa ya getini saa sita, “amenyamaza dakika tano tu baada ya wewe kuondoka”, kutolewa kama hukumu ya mwisho. Muulize mwalimu swali la pili: baada ya kunyamaza, alicheza? Alikunywa uji? Alimsogelea mtu? Mtoto aliyetulia hucheza.

Tiba ninayoipendekeza ni kubwa kulingana na ukubwa wangu. Mfanyie mtoto sendofu. Akiolewa binti tunaunda kamati, tunachapa kadi za mchango, tunakodi ukumbi na matarumbeta, MC anatutania, mashangazi wanalia kwa zamu, na hakuna anayesema bibi harusi atolewe kwa mlango wa nyuma wakati anaonyeshwa tembo. Basi mtoto wa chekechea, anayeondoka nyumbani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, naye anastahili kuagwa hadharani. Nilipendekeza vitengo saba, mimi nikiwa mwenyekiti, mweka hazina na mgeni rasmi. Bahati mbaya bajeti ya kila asubuhi kuanzia Januari ingefilisi ukoo, kwa hiyo kamati imepunguza: matarumbeta yameondolewa, ukumbi umeondolewa, pilau imeondolewa kwa kura iliyoniumiza. Kimebaki kuchuchumaa ufike usawa wa macho yake, kumbusu, kusema sentensi moja, kumpungia mkono na kwenda. Vilevile kila siku, bila kurudi dirishani kuchungulia, kwa kuwa mzazi anayerudi mara tatu anamwambia mtoto kwamba hata yeye hapaamini mahali hapa.

Sentensi yenyewe isiwe na saa. Kumwambia mtoto wa miaka minne kwamba utarudi saa sita na nusu ni sawa na kumsomea riba ya benki. Mwambie utarudi baada ya uji na mchezo wa nje, kisha urudi kweli baada ya uji na mchezo wa nje, maana ukichelewa siku ya pili umeiteketeza sarafu yote ya imani. Mpe pia kipande cha kanga yako uliyoivaa, kikae mfukoni. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, mwaka 1951 alitoa hoja iliyomletea sifa kwamba kitambaa au mdoli anaoung'ang'ania mtoto humsaidia kuvuka umbali kati yake na mama. Bibi zetu walikuwa wakimfunika mtoto kwa kanga ya mama yake aliyekwenda shamba bila kutoa hoja yoyote, na hawakupata sifa, jambo ambalo mimi kama mtu ninayestahili sifa nalielewa sana.

Hata hivyo, machozi mengine hayahusu mapenzi kabisa, yanahusu utawala. Nyumbani mtoto anaitwa Babu, au Mchumba, au Chidi, na Jumatatu mwalimu anaita Abdulrashidi Hamisi mara nne, naye anakaa kimya akimsubiri huyo Abdulrashidi kama wengine. Mfundishe jina lake la rejista kabla hajakutana nalo. Mwambie mwalimu neno analotumia akibanwa na mkojo, hasa kama umempeleka shule ya Kiingereza ambako haja ndogo inasubiri tafsiri. Viatu viwe vya kubandika, si vya kamba. Na ambaye bado hajaanza, siku chache kabla ya kufungua apite tu uwanjani, aione bembea, akione choo. Choo cha shimo chenye giza kimewashinda mashujaa wengi ambao wazazi wao walidhani wanamlilia mama.

Nimeulizwa na mbishi wa mwisho, ambaye ni mwajiri wako: siku za mzazi kukaa darasani na mtoto zitatoka wapi? Huko Berlin wana utaratibu uliotungwa miaka ya 1980, ambapo siku tatu za mwanzo mzazi anakaa chumbani bila jaribio lolote la kuondoka, na siku ya nne anatoka kwa muda mfupi, nusu saa au pungufu, ili waone mwalimu anaweza kumtuliza mtoto. Kinachopimwa ni uwezo wa mwalimu kumtuliza. Kukauka kwa macho hakumo. Kwetu hilo linaonekana anasa, lakini hesabu vizuri: bibi yupo, shangazi yupo, na utaratibu haukusema lazima awe mama. Akae pembeni kwenye kile kiti kinachofika chini ya goti, asichezeshe darasa zima, asimwonyeshe mwalimu namna ya kufundisha. Hili la mwisho ni gumu kwa mashangazi. Mimi mwenyewe nimejizuia kuandika barua ya kuomba nafasi ya kukaa pembeni ya mashangazi nikiwasimamia. Na walimu nao wasione kwamba mzazi anaingilia. Sera yetu ya elimu ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, na jambo la lazima hulazimu pia geti kufunguka kidogo. Serikali zikitaka kuogopa chekechea zina historia: mwaka 1851 Prussia ilipiga marufuku chekechea za Friedrich Fröbel, mzee aliyeamini watoto hujifunza kwa kucheza, ikizishuku kwa ukafiri na ujamaa. Alikufa mwaka uliofuata kabla marufuku haijaondolewa. Watu wanaoona mbali hupata taabu sana, mama, na nina kurasa kadhaa juu ya hilo kuhusu mimi, lakini mhariri ananionyesha saa.

Haraka basi. Kesho ni Ijumaa: nenda mapema, kaeni wote ndani mpaka apate kitu cha kufanya, mwambie mwalimu ampokee kwa mkono, chuchumaa, aga, nenda, rudi baada ya uji. Jumatatu atalia tena kwa sababu ya wikiendi, usinipigie. Akiendelea hivyo wiki kadhaa, au akaacha kula na kulala, au mwalimu akawa anachapa, hilo ni jambo jingine na si la kumlaumu mtoto. Tembo apewe acheze naye mchana. Na msomaji wa Tanga aliyeniandikia kurasa nne kuhusu bata wa jirani: hapana, na uache kumrekodi.